Kasha Lililofichwa Mlimani

Somo la historia kwa madarasa ya watu wazima

Natumaini redio imewekwa mahali ambapo hata walio nyuma wasikia vema, na kila mtu ana daftari na kalamu ya risasi mbele yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya sita: kasha, kilele, kiongozi, mpagazi, digrii, setilaiti. Katika somo la leo neno "kiongozi" maana yake ni mtu anayewaonyesha wengine njia mlimani. Kila mtakaposikia mojawapo ya maneno hayo, litazameni ubaoni.

Somo letu lahusu jambo linaloonekana dogo. Marafiki wanatembea mlimani siku ya mapumziko. Wanatafuta kasha lililofichwa na watu wasiowajua. Wakiliona, hulifungua, na ndani yake hukuta daftari. Huandika majina yao na tarehe ya siku ile, hulifunga kasha na kulirudisha palepale, kisha huenda zao.

Labda wako watakaosema, "Watu wazima na akili zao watafuta kopo porini! Hawana kazi?" Msihukumu upesi. Mchezo huo una historia ndefu. Tena sehemu moja ya historia ya kuacha alama mlimani ilitendeka kwetu, katika mlima ambao watu wa Usa River huuona asubuhi kukiwa hakuna mawingu. Na ndani ya mchezo huo mna swali kubwa: Wakipita watu wengi katika njia moja, ni nani huandikwa jina, na ni nani husahauliwa?

1. Chupa ya James Perrott

Tuanze huko Uingereza. Kusini-magharibi mwa nchi hiyo kuna nyika ya juu iitwayo Dartmoor. Ni nchi ya majani, mawe na matope. Miti ni michache, ukungu hushuka ghafula, na mgeni asiyeijua njia hupotea upesi.

Katika karne ya 19 alikuwako mtu wa Chagford, karibu na nyika hiyo, jina lake James Perrott. Kazi yake ilikuwa kuongoza wageni. Ndani ya nyika ile pana mahali paitwapo Cranmere Pool, ambapo kupafikia kulikuwa kazi kubwa kwa sababu ya matope. Mwaka 1854 Perrott aliweka chupa hapo. Kila mgeni aliyefika aliacha ndani yake kikaratasi chenye jina lake. Basi chupa ile ikawa shahidi. Mtu hakuweza tena kujisifu bure kuwa amefika. Vikaratasi vilisema kweli.

Baadaye chupa ilifuatwa na kisanduku na kitabu cha kuandikia majina. Tena ilizuka desturi ya kuacha barua ndani ya kisanduku. Aliyefika nyuma alizichukua barua alizozikuta akazitia posta, naye akaacha zake. Ndiyo sababu visanduku hivyo viliitwa masanduku ya barua, na mpaka leo wako watu wengi wanaovisaka katika nyika ile.

Angalieni jambo moja. Perrott hakuwa bwana mkubwa. Alikuwa kiongozi wa njia tu, mtu wa kutembea mbele na kuwaambia wengine wakanyage wapi. Lakini leo, zaidi ya miaka 160 baadaye, jina lake twalijua. Liwekeni moyoni jambo hilo, kwa maana sasa twarudi nyumbani.

2. Bendera na jiwe

Mwaka 1889, miaka 35 baada ya chupa ya Perrott, Mjerumani aitwaye Hans Meyer alikuja kuupanda Mlima Kilimanjaro. Alikuwa amejaribu mwaka 1887, akashindwa na barafu. Safari hii alikuja na Mwaustria, Ludwig Purtscheller, mtu hodari wa kupanda milima. Walitoka pwani na wapagazi, watu waliochukua mizigo vichwani na mabegani siku nyingi njiani. Walipofika Marangu walipokewa na Mangi Marealle, mtawala wa mahali pale. Kutoka hapo wakaingia msituni, wakatokea nyanda za juu, wakapiga kambi chini ya Kibo.

Tarehe 3 Oktoba Meyer na Purtscheller walifika ukingoni mwa shimo la Kibo, lakini nguvu na saa za mchana ziliwapungukia, wakarudi. Wakapumzika, wakapanda tena. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakafika mahali palipo juu kuliko pote. Huko kwao Ulaya siku ile ilikuwa katika majira ya majani kupukutika, majira ambayo hata leo watu wa huko hupenda kutembea milimani na rafiki zao. Kwetu ulikuwa mwisho wa kiangazi, mvua za vuli zikikaribia.

Meyer alifanya nini kileleni? Alisimika bendera ndogo ya Ujerumani. Akakipa kilele jina la Kaiser Wilhelm, mfalme wa Ujerumani, ambaye hakuwahi kuuona mlima huo kwa macho yake. Kisha akaokota jiwe la kileleni, akalipeleka Ulaya, naye Kaiser akapewa. Basi aliacha kitu na kuchukua kitu. Jina lile alilolitoa lilikaa katika ramani kwa miaka mingi.

3. Waliotangulia mbele, waliobaki nyuma

Sasa lile swali letu. Meyer aliandika kitabu juu ya safari yake. Katika kitabu hicho waliofika kileleni ni wawili: Meyer na Purtscheller. Lakini watu wawili hawawezi kubeba mahema, chakula, kuni na vyombo vya kupimia kutoka pwani mpaka kwenye barafu. Walikuwako wengine.

Mmoja twamjua kwa jina kwa kuwa Meyer alimwandika. Aliitwa Mwini Amani, mtu wa Pangani. Wenzake waliporudi chini, yeye alibaki katika kambi ya juu, kwenye baridi kali, akitunza kambi na kupika, huku wale wawili wakipanda na kushuka. Mtu wa Pangani, aliyezoea joto la pwani na minazi, alikaa siku nyingi mahali ambapo maji huganda usiku. Pasipo moto wake na chakula chake, kilele kisingefikiwa.

Wa pili ni Yohani Kinyala Lauwo, wa Marangu. Habari zake zimetufikia kwa njia nyingine. Kwa masimulizi aliyoyatoa yeye mwenyewe uzeeni, alikuwa kijana aliyeitwa barazani kwa Mangi kwa sababu ya kukwepa kazi ya barabara, na hapo ndipo alipochaguliwa awaongoze wageni, kwa kuwa aliujua msitu. Watu wa Marangu wamesimulia hivyo kwa miaka mingi. Baada ya safari ile Lauwo aliendelea na kazi ya uongozi mlimani sehemu kubwa ya maisha yake. Mwaka 1989, ilipoadhimishwa miaka 100 tangu kilele kufikiwa, yeye alikuwa angali hai, akatambuliwa mbele ya watu kuwa kiongozi wa safari ile. Alifariki mwaka 1996.

Hapa mtu aweza kuuliza, "Tusadiki kipi? Kitabu, au masimulizi?" Ndugu zangu, kazi ya historia ni kuvipima vyote viwili. Kitabu kiliandikwa karibu na wakati wenyewe, lakini mwandishi wake alikuwa mtu mmoja, naye alitaka sifa ya safari yake. Masimulizi yametolewa miaka mingi baadaye, na kumbukumbu ya mtu yaweza kusahau au kuongeza, lakini yanatuletea habari za wale ambao kalamu haikuwafikia. Kwamba Lauwo alifika kileleni siku ile, kitabu hakisemi. Kwamba wageni hawakuweza kuupita msitu ule bila wenyeji, akili yatuambia hivyo.

Sasa mlinganisheni Lauwo na Perrott wa Dartmoor. Wote wawili kazi yao ilikuwa moja, kuongoza wageni mahali pagumu. Perrott aliweka chupa yake mwenyewe. Lauwo alingoja miaka 100 ili jina lake litajwe mbele ya watu. Tofauti yao haikuwa miguu wala ushujaa. Tofauti ilikuwa ni nani aliyeshika kalamu.

4. Mwenge juu ya kilele

Mwaka 1959 Mwalimu Julius Nyerere, akihutubia Baraza la Kutunga Sheria, alizungumzia kuwasha mwanga juu ya Mlima Kilimanjaro. Miaka miwili baadaye jambo hilo likatendeka. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Tanganyika ilipopata uhuru, Luteni Alexander Nyirenda aliuweka Mwenge wa Uhuru kileleni pamoja na bendera mpya ya nchi. Kilele kikaacha jina la Kaiser, kikaitwa Uhuru.

Fikirini maana yake. Mahali palepale ambapo mgeni aliacha alama yake mwaka 1889, wenye nchi nao waliacha yao. Hawakuhitaji kuandika kitabu kirefu. Moto mmoja na neno moja vilitosha, kwa sababu kila mtu aliweza kulisoma neno lile.

5. Ndoo ya Oregon

Sasa tuje katika siku zetu. Juu sana angani, kadiri ya kilometa 20,000, zazunguka setilaiti zilizorushwa na Marekani. Setilaiti ni chombo kinachoizunguka dunia. Hizi zatuma alama za saa daima. Simu au chombo kidogo mkononi hupokea alama za setilaiti nne au zaidi, hupiga hesabu, kisha husema, "Upo mahali fulani."

Mwanzoni zilikuwa kwa kazi za jeshi. Raia waliruhusiwa kuzitumia, lakini Marekani ilizipotosha kidogo kwa makusudi, hata chombo cha raia kiliweza kukosea kwa kadiri ya mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 upotoshaji huo ulikomeshwa. Ghafula mtu wa kawaida aliweza kupajua mahali alipo kwa kukosea mita chache tu.

Tarehe 3 Mei 2000 Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, akataka kujaribu. Alichukua ndoo, akaificha msituni karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon. Ndani alitia daftari, kalamu, vitu vidogo vidogo, na hata kopo la maharagwe. Kisha akawatangazia watu tarakimu za mahali pale. Sharti lake lilikuwa: chukua kitu, acha kitu, andika katika daftari. Katika muda wa siku tatu ndoo ilikwisha kuonekana mara mbili. Wa kwanza kuandika jina lake alikuwa Mike Teague.

Mchezo huo ukapewa jina la jiokeshi mwezi uleule. Sisi hapa tutauita kusaka kasha. Leo yako makasha zaidi ya milioni 3 duniani, katika miji, misitu na milima. Lakini mwaona kwamba si jambo jipya kabisa. Ni ile chupa ya Perrott, ila kiongozi sasa yuko angani.

6. Tarakimu za Usa River

Je, tarakimu hizo husomwaje? Watu wa ramani wameigawa dunia kwa mistari. Mistari ya kulala huhesabiwa kuanzia Ikweta, kwenda kaskazini na kusini. Mistari ya kusimama huhesabiwa kuanzia Greenwich, katika jiji la London, kwenda mashariki na magharibi. Kipimo chake ni digrii, na kila digrii ina dakika 60. Dakika hizi si za saa. Ni sehemu za digrii.

Usa River iko kadiri ya digrii 3 na dakika 22 kusini, na digrii 36 na dakika 51 mashariki. Ziandikeni tarakimu hizo. Digrii moja ya kusini ni kadiri ya kilometa 111. Basi Usa River iko kadiri ya kilometa 370 kusini ya Ikweta. Dakika moja ni kadiri ya kilometa 1 na mita 850. Kwa hiyo digrii na dakika zaweza kukufikisha mjini, lakini haziwezi kukuonyesha kopo chini ya jiwe. Kwa hilo dakika hukatwa tena vipande vidogo. Mwenye simu ya kisasa aweza kuona vipande hivyo katika kioo chake.

7. Matembezi ya darasa

Kazi ya darasa wiki hii ni kutembea. Simu si lazima. Yatosha kusoma na kuandika.

Gawanyikeni makundi mawili. Kundi la kwanza litafute kopo lenye kifuniko kinachobana. Ndani watie daftari dogo na kalamu ya risasi, kwa maana wino huharibika upesi ukipata unyevu. Walifiche kopo, kisha waandike maelezo ya njia katika karatasi. Mathalani waandike hivi: "Simama kando ya barabara kuu ya Arusha na Moshi. Elekeza uso wako Mlima Meru, kaskazini-magharibi. Upande wako wa kulia, kukiwa hakuna mawingu, utauona Kilimanjaro. Hesabu hatua 200. Utaona mti mkubwa penye njia panda." Kundi la pili lisome karatasi hiyo na kufuata. Kama wakipotea, chunguzeni kosa liko wapi: katika kusoma, au katika kuandika? Maneno yaliyoandikwa vibaya hupoteza watu kweli.

Chagueni siku ya kiangazi, kati ya Juni na Oktoba, kabla mvua za vuli hazijaloweka njia. Msifiche kopo katika shamba la mtu bila kumwomba ruhusa. Mwarifuni mwenyekiti wa kitongoji. Msichimbe, msivunje matawi, wala msiende penye nyaya za umeme.

Wala msilifiche katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha, ingawa iko karibu. Hifadhi hiyo ilianza mwaka 1960 kwa jina la Ngurdoto, na mwaka 1967, baada ya sehemu ya Mlima Meru kuongezwa, ikapata jina la Arusha. Humo wamo nyati na tembo. Apandaye Meru, mpaka kilele chake cha mita 4,566, lazima afuatane na askari wa hifadhi mwenye bunduki. Shimo la Ngurdoto nalo hutazamwa kutoka ukingoni. Wageni hawaruhusiwi kushuka. Kila kitu kiachwe kama kilivyo.

Lakini kutoka barabarani mwaweza kuusoma mlima wenyewe. Umbo la Meru ni kama bakuli lililovunjika upande wa mashariki. Maelfu ya miaka iliyopita upande huo uliporomoka, na maziwa ya Momella yalitokea juu ya kifusi chake. Hata mlima huacha habari zake kwa ajaye baadaye.

8. Daftari la ndani ya kasha

Sasa twafikia mwisho. Mtakapoliona kopo, fungueni daftari, na kila mtu aandike jina lake kwa mkono wake mwenyewe, pamoja na tarehe. Asiandikiwe na mwenzake. Mwenye kuandika polepole apewe nafasi. Jua halitashuka kwa ajili yake.

Kisha andikeni jina moja zaidi: jina la aliyewaonyesha njia. Kama ni mzee aliyekuwa akichunga mbuzi, akasema, "Piteni huku, kule kuna korongo," mwulizeni jina lake na mliandike. Kama ni mama aliyewapa maji, mwandikeni. Mpaka leo wapagazi wa Kilimanjaro, ambao hujiita "wagumu", hubeba mizigo ya wageni kila siku, na katika picha za kileleni mara nyingi hawaonekani. Historia hupotea kwa njia hiyo, kidogo kidogo, kwa kuwa aliyeshika kalamu hakuuliza jina la mwenzake.

Ninyi sasa mmeshika kalamu. Ulizeni.

Maswali ya kujadili darasani

1. James Perrott aliweka nini Cranmere Pool, na mwaka gani?
2. Hans Meyer aliacha nini kileleni mwaka 1889, naye alichukua nini?
3. Mwini Amani alifanya kazi gani? Kwa nini kazi hiyo ni sehemu ya historia?
4. Habari za Lauwo zimetufikia kwa njia gani? Taja faida moja na udhaifu mmoja wa njia hiyo.
5. Katika kijiji au mtaa wenu, ni nani aliyefanya kazi kubwa ambaye jina lake halijaandikwa popote? Andika jina lake, na sentensi tatu juu yake.

Jibu la swali la 5 lihifadhiwe vizuri katika daftari la darasa. Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.